Kilimanjaro Ilipoimbwa Los Angeles

Kitendawili!

Tega.

Waliniimba hawajaniona, dunia ikaitikia, nami sikutikisika.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Mnanipa Moshi? Naupokea, ingawa mlikuwa mmebakiza kidogo tu mjijibu wenyewe, maana jibu liko hapo hapo juu ya Moshi. Ni Mlima Kilimanjaro.

Tarehe 5 Februari 1983 wimbo uitwao "Africa", wa bendi ya Toto ya Los Angeles, ulikuwa namba moja kwenye chati kubwa ya muziki Marekani. Ndani yake mlima wetu umetajwa kwa jina, na Serengeti nayo imetajwa. Bila shaka mmeshausikia, hata kama hamkujua unaitwaje, kwa sababu zaidi ya miaka 40 imepita na bado unapigwa kwenye redio, kwenye mahoteli na kwenye simu zenu. Leo nitawasimulia jinsi nchi zetu na lugha yetu zilivyoingia kwenye vibao vilivyotamba duniani miaka ya themanini. Hadithi nyingine huja na uongo wake ili utamu ukolee. Hii ina utamu wa kutosha, haihitaji kuongezwa kitu.

Aliyeanzisha wimbo wa "Africa" ni David Paich, mpiga kinanda wa Toto, na alimalizia kuutunga pamoja na Jeff Porcaro, mpiga dramu. Paich hakuwa amekanyaga Afrika. Alisoma shule ya Kikatoliki ambako baadhi ya walimu walikuwa wamewahi kufanya kazi ya umisionari barani kwetu, wakirudi wanasimulia. Mtoto akasikiliza. Nyumbani akawa anasoma jarida la National Geographic, anaangalia picha za mbuga na milima. Alipokuwa mtu mzima, masimulizi yale na picha zile ndizo zilizomwongoza mkono kwenye kinanda.

Sasa ngoja niwaulize nyinyi mnaosoma jiografia. Katika wimbo ule, Kilimanjaro inasimama juu ya Serengeti. Je, ni kweli? Ondokeni Moshi mwelekee magharibi. Mtapita Arusha chini ya Mlima Meru, mtafika Mto wa Mbu, mtapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu, mtazunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na mkianza kuteremka upande wa pili ndipo nyika za Serengeti zinapofunguka mbele yenu. Hata ndege akiruka moja kwa moja, ni zaidi ya kilomita 200. Aliyesimama Serengeti akigeuka mashariki anaona nyanda za juu za Ngorongoro. Nyika ambayo Kilimanjaro inaitazama kutoka juu ni Amboseli, upande wa Kenya.

Siusemi vibaya wimbo huu. Naupenda, na kosa lile linanifundisha kitu juu ya mtunzi: alikuwa na majina matamu kichwani, lakini hakuwa na barabara ya kuyaunganisha.

Ila katika sauti walifanya kazi ya mafundi, na hapo nataka tukae kidogo. Jeff Porcaro akiwa mtoto wa miaka 10 hivi alipelekwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1964, akawaona wapiga ngoma wa Kiafrika wanacheza ana kwa ana. Hakusahau. Kwenye kurekodi "Africa" akaingia studio na mpiga konga Lenny Castro, wakapiga mdundo mmoja ule ule kwa dakika kadhaa bila kubadili. Kisha wakasikiliza wote, wakachagua kipande kifupi kilichotulia kuliko vyote, kama mapigo manane tu. Siku zile hakukuwa na kubofya kitufe ukanakili. Sauti ilikaa kwenye kanda, utepe mpana wa plastiki unaozunguka kwenye mashine. Kanda ile ikakatwa kwa wembe, ncha zake mbili zikaunganishwa kwa gundi ya utepe, ikawa duara. Duara likawekwa kwenye mashine likazunguka, mapigo yale manane yakajirudia yakajirudia kwa urefu wa wimbo mzima, na juu yake wakapiga vyombo vingine. Mkiusikiliza tena wimbo huo, achaneni kwanza na mwimbaji. Fuateni ngoma. Haichoki wala haikimbii, na sasa mnajua kwa nini.

Kuna pia ile sauti nyororo inayodondoka katikati ya wimbo. Hiyo ilitoka kwenye kinanda cha umeme cha Yamaha, kilichotengenezewa sauti ya kuiga ala ya Kiafrika ya kupiga kwa vidole gumba. Ala hiyo Wagogo wa Dodoma wanaiita ilimba: sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vilivyopangwa juu yake. Na katika miaka hiyo hiyo ya themanini, wakati kinanda cha umeme kinaiga ilimba kule California, Hukwe Zawose alikuwa Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa, anaipiga yenyewe na kuwafundisha vijana. Tafuteni rekodi za Zawose. Ilimba yake kubwa ina vyuma vingi, na sauti yake hupanda kutoka nzito kabisa hadi kama ya ndege, naye akiimba sambamba nayo utadhani ni watu watatu. Kwangu mimi hakuna kinanda kilichoifikia.

Nimetaja chati na sijawaeleza. Chati ni orodha ya nyimbo zinazopendwa wiki hiyo, kuanzia namba moja kushuka chini. Ile kubwa ya Marekani inatolewa na jarida la Billboard, ina nyimbo 100, na ilianza Agosti 1958. Siku hizi kila mara mnapogusa wimbo kwenye simu, kompyuta inahesabu. Miaka ya themanini waliopanga chati walitegemea taarifa za maduka ya santuri kuhusu nyimbo zilizouzwa zaidi, na taarifa za vituo vya redio kuhusu nyimbo zilizopigwa zaidi. Kuhesabu mauzo ya madukani kwa kompyuta kulianza kutumika kwenye chati za Billboard mwaka 1991.

Fikirini maana yake. Santuri iliyonunuliwa Chicago ilihesabiwa. Santuri iliyonunuliwa River Road, Nairobi, haikuhesabiwa. Kanda iliyorekodiwa kutoka kaseti moja hadi nyingine pale Kariakoo haikuhesabiwa. Wimbo wa bendi ya Sikinde au ya Msondo uliorekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam na kujulikana kwa moyo kuanzia Tanga hadi Mbeya, haukuhesabiwa popote. Kwa hiyo mkisoma kwamba wimbo fulani ulikuwa namba moja duniani mwaka 1983, ulizeni kwanza: waliohesabiwa ni kina nani? Sisi tulikuwa tunasikiliza, tena sana, lakini tulikuwa nje ya daftari.

Na kusikiliza kwenyewe kulikuwa kazi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya tisini. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, tena ya rangi, jambo ambalo Wazanzibari hawataacha kuwakumbusha, na wana haki. Bara mtu alitegemea redio, au kaseti iliyoletwa na aliyetoka safari, ikaazimwa nyumba hadi nyumba mpaka maandishi yakafutika.

Kwenye kaseti hizo alikuwemo Lionel Richie. Novemba 1983 wimbo wake "All Night Long" ulipanda namba moja Marekani, ukakaa huko wiki nne. Mwaka uliofuata aliuimba kwenye sherehe za kufunga Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles. Ni wimbo wa karamu, na karibu na katikati kuna mahali kundi zima linaitikia kwa maneno yanayosikika kama ya Kiafrika. Watu wa huku walitega sikio. Mtu anasikia kitu kama "jambo", anaruka: hicho Kiswahili! Mwingine anabisha kwamba ni lugha ya Afrika Magharibi. Ukweli ni kwamba si lugha ya mtu yeyote. Richie mwenyewe ameshasema hadharani kwamba maneno yale ni ya kubuni, alitafuta sauti inayoendana na mdundo. Kwa hiyo aliyewahi kuapa kwamba anaelewa maana yake, msameheni.

Mwaka mmoja na miezi michache baada ya wimbo huo kupanda, Kiswahili nusura kiingie kweli. Ethiopia ilikuwa na njaa kali, na picha za watoto waliokonda zilikuwa zimeenea dunia nzima. Waimbaji wa Uingereza na Ireland walishatoa wimbo wa kuchangisha fedha mwishoni mwa 1984. Wamarekani nao wakakusanyika usiku wa tarehe 28 Januari 1985, studio za A&M huko Hollywood, wengi wao wametoka moja kwa moja kwenye sherehe za tuzo zilizofanyika jioni ile. Walikuwa zaidi ya 40: Ray Charles, Tina Turner, Bruce Springsteen, Diana Ross, Harry Belafonte ambaye ndiye aliyetoa wazo, na wengine wengi. Wimbo ulikuwa umetungwa na Michael Jackson na Lionel Richie, msimamizi wa kazi ni Quincy Jones. Uliitwa "We Are the World".

Usiku ukiwa umeshakwenda sana, Stevie Wonder akatoa pendekezo: tuweke maneno ya Kiswahili. Studio ikagawanyika. Wako waliolipenda wazo, wako waliochoka wanataka kumaliza waende nyumbani. Waylon Jennings, mwimbaji wa muziki wa kantri, akajiondokea. Ikabidi waambiwe jambo ambalo nyinyi mngelisema papo hapo: Waethiopia hawazungumzi Kiswahili. Wana Kiamhari, wana Kioromo, wana Kitigrinya na lugha nyingine nyingi. Pendekezo likaachwa. Asubuhi wakamaliza kurekodi kwa Kiingereza kitupu, na Aprili wimbo ukawa namba moja Marekani kwa wiki nne.

Nimewahi kuwasikia watu wakimcheka Stevie Wonder kwa hilo. Mimi simcheki, na nataka muelewe kwa nini wazo lile lilimjia yeye na si mwingine. Weusi wa Marekani ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani, wengi kutoka Afrika Magharibi na ya Kati, na huko walikofikishwa walinyang'anywa hata lugha zao. Mtu hajui babu yake alisema lugha gani. Ilipofika miaka ya sitini, wakati wanapigania haki zao na nchi zetu zinapata uhuru, wakatafuta lugha ya Kiafrika ya kuishika kama yao wote. Wengi wakachagua Kiswahili, kwa sababu hakikuwa mali ya kabila moja na kilikuwa kinasikika kwenye majukwaa ya uhuru. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, inayoanza tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari, na misingi yake saba inaitwa kwa Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Mwaka huo huo kwenye televisheni ya Marekani akatokea mhusika wa tamthilia, ofisa wa chombo cha anga, aitwaye Uhura, jina lililotokana na uhuru. Mpiga piano Herbie Hancock akajiita Mwandishi, akaipa jina hilo hata albamu yake.

Kwa hiyo Stevie Wonder alipotaja Kiswahili saa zile za usiku hakuwa anakosea ramani tu. Alikuwa anataka Afrika isikike kwa sauti ya Afrika kwenye wimbo unaoihusu. Sauti aliyoishika mkononi ilikuwa hiyo moja aliyolelewa kuiheshimu. Nikifikiri hivyo, naona kama sisi ndio tuliopewa heshima kubwa bila kuwepo.

Miaka miwili na nusu baadaye Michael Jackson alikitimiza kile ambacho usiku ule haukukitimiza. Agosti 1987 alitoa albamu ya "Bad", na humo kuna wimbo "Liberian Girl", wa mapenzi, wa taratibu. Kabla Michael hajafungua mdomo, mwanamke ananong'ona maneno ya mahaba. Kwa Kiswahili. Si cha kubuni. Ukiwa Lamu au Kigoma unaelewa. Wimbo ukatolewa peke yake mwaka 1989 na kuingia chati za Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Hebu fikirini mtu wa Ulaya asiyejua hata neno moja la lugha yetu akisubiri sekunde zile za mwanzo kwa hamu, na dada wa Tandika aliyeshika kaseti ile ile akielewa kabla ya dunia.

Mwanamke yule ni Letta Mbulu. Alizaliwa Soweto, Afrika Kusini, na Kiswahili si lugha ya huko. Aliondoka kwao miaka ya sitini wakati wa ubaguzi wa rangi, akaishi na kuimba Marekani pamoja na mumewe, mwanamuziki Caiphus Semenya, ambaye ndiye aliyepanga maneno yale ya Kiswahili kwenye wimbo. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi na Quincy Jones kwenye muziki wa tamthilia ya "Roots" mwaka 1977. Naam, mjuaji wa ramani ataniambia kwamba Liberia nako hakuna Kiswahili. Ni kweli. Lakini safari hii aliyeulizwa alikuwa mwanamuziki wa Kiafrika, na alichokileta ni maneno ya watu halisi. Kwangu mimi hiyo ni hatua kubwa kutoka 1983.

Nimewachelewesha Los Angeles, na huku Mombasa kuna watu ambao hawakungoja kuimbiwa. Ndugu wa ukoo wa Harrison walikuwa na bendi yao, Them Mushrooms, iliyoanza mwaka 1972 na kupata riziki kwa kupiga muziki kwenye mahoteli ya pwani. Kila jioni mbele yao walikaa watalii, Wajerumani wengi wao, waliojifunza maneno mawili matatu ya Kiswahili mchana na kutaka kuyatumia usiku. Teddy Kalanda Harrison akaona. Akachukua salamu, majibu ya salamu na makaribisho, mambo ambayo mhudumu wa hoteli huyasema mara mia kwa siku, akayatia kwenye mdundo mwepesi ambao mgeni anaweza kuuitikia kabla hajamaliza kinywaji chake. Ukawa "Jambo Bwana". Santuri ilipotoka mwaka 1982, watalii waliibeba kwenye mabegi kama walivyobeba vinyago. Ndani ya miaka mitano ilishauza nakala zipatazo 200,000.

Na mabegi yale yalifika Ujerumani, ambako kulikuwa na kundi la Boney M, la prodyuza Frank Farian, lililokwisha kutikisa Ulaya na "Rivers of Babylon" mwaka 1978. Hawa walikuwa na mazoea na nyimbo zetu: mwaka 1981 walishatoa "Malaika", ule uliorekodiwa kwanza na Fadhili William wa Kenya na ambao mpaka leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga. Mwaka 1983 wakatoa "Jambo – Hakuna Matata". Haukupanda kama vibao vyao vya zamani, lakini maneno ya mahoteli ya Mombasa yakaingia kwenye redio za Ulaya, miaka 11 kabla ya ile filamu ya katuni ya simba kuyafanya yajulikane na kila mtoto.

Hapa nasema wazi linaloniuma. Ukiuliza watu wa nje nani aliimba "Jambo Bwana", watakutajia Boney M, au hoteli, au watasema ni wimbo wa kienyeji usio na mwenyewe. Una mwenyewe. Alikuwa na jina, alikuwa na gitaa, na alifariki mwaka 2024. Wimbo unapokuwa rahisi kuimbika, watu hudhani ulijiotea.

Wala Them Mushrooms si wimbo mmoja. Walipiga rege, walipiga chakacha, walimsindikiza mwimbaji Malika kwenye taarabu, na walirudi studio na Fundi Konde, mzee wa gitaa wa pwani aliyevuma tangu miaka ya arobaini na hamsini, wakapiga upya nyimbo zake kwa vyombo vya kisasa. Kanda hiyo na Fundi Konde ndiyo ningewaomba muitafute kwanza. Sikilizeni gitaa lake linavyopanda na kushuka bila haraka, halafu mwulizeni bibi yeyote wa Mombasa au Malindi kama anaukumbuka wimbo unaoanza. Mpeni nafasi amalize kuimba ndipo muulize swali la pili.